Nyayo za Polio Kwenye Damu

Mtoto analala akiwa na homa kidogo na shingo iliyokaza, na asubuhi mguu mmoja haumtii tena. Ndivyo polio ilivyoingia katika maelfu kwa maelfu ya nyumba. Madaktari waliochunguza maiti za waliouawa na ugonjwa huu waliona wazi kilichoharibika: zile seli za uti wa mgongo zinazoiamuru misuli ijongee zilikuwa zimekufa. Mwisho wa safari ya ugonjwa ulijulikana mapema. Njia ndiyo iliyobaki gizani kwa zaidi ya miaka arobaini, na giza hilo liligharimu fedha, muda na viungo vya watoto wengi.

Mmoja wa walioifichua njia hiyo ni Dorothy Horstmann, daktari wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani. Kila mtu akisikia chanjo ya polio hukumbuka Jonas Salk na Albert Sabin. Jina la Horstmann halitajwi sana, ilhali bila swali alilokataa kuliacha, wote wawili wangekuwa wanajenga juu ya msingi usiojulikana.

Vienna, 1908

Mwishoni mwa mwaka 1908 mvulana wa miaka 9 alifariki kwa polio mjini Vienna. Karl Landsteiner, yuleyule aliyegundua makundi ya damu, pamoja na daktari mwenzake Erwin Popper, walichukua kipande cha uti wa mgongo wa mtoto huyo, wakakisaga na kuchanganya na maji ya chumvi, kisha wakawadunga wanyama wawili tumboni: nyani mmoja na tumbili mmoja wa aina ya rhesus. Nyani alikufa. Tumbili alipooza miguu ya nyuma. Vipande vya uti wa mgongo wao vilipowekwa chini ya hadubini, uharibifu ulikuwa uleule wa mtoto.

Bakteria hawakuonekana popote. Muda mfupi baadaye ikathibitika kwamba kisababishi kilipenya kwenye vichujio vyenye matundu madogo ambamo bakteria hawapiti. Kilikuwa kirusi. Kwa mara ya kwanza ugonjwa huu ulikuwa na kisababishi kinachoweza kuhamishwa kutoka kiumbe kimoja hadi kingine katika maabara, na wengi waliamini tiba haiko mbali.

Imani ya pua, 1909–1937

Kutoka Vienna kazi ilihamia New York, katika Taasisi ya Rockefeller, chini ya Simon Flexner. Flexner alikuwa mtu mwenye sauti kubwa katika utabibu wa Marekani, na maabara yake ilikuwa na tumbili wa kutosha na fedha za kuwanunua wengine. Yeye na Paul Lewis walivihamisha virusi kutoka ubongo wa tumbili mmoja hadi wa mwingine, mara nyingi mfululizo. Walipojaribu kuwaambukiza wanyama hao kwa kuwapaka virusi puani, wakafaulu. Virusi vilifuata neva za kunusia vikaingia moja kwa moja ubongoni. Flexner akahitimisha kwamba hata kwa binadamu polio huingia kwa njia ya pua, hupanda kwenye neva, wala haipiti popote pengine.

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na linastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu halikutokana na uvivu. Majaribio yalifanywa vizuri, yakarudiwa, yakatoa jibu lilelile. Tatizo lilikuwa mnyama na kirusi chenyewe. Tumbili wa aina ya rhesus haambukizwi polio kwa urahisi kupitia mdomoni, kwa hiyo kila aliyemlisha virusi hakupata kitu. Nao virusi vya maabara ya Rockefeller, kwa kupitishwa ubongo hadi ubongo miaka nenda miaka rudi, vilikuwa vimezoea kuishi kwenye neva tu. Flexner alikuwa ameutengeneza, bila kujua, ugonjwa unaofanana na nadharia yake.

Ushahidi wa kumpinga ulikuwepo. Katika mlipuko mkubwa wa Sweden wa mwaka 1911, Carl Kling na wenzake walivipata virusi kwenye koo na utumbo wa wagonjwa. Walisikilizwa kwa adabu, kisha wakasahauliwa.

Majira ya joto ya mwaka 1916 polio iliuvamia mji wa New York. Wagonjwa walikaribia 9,000 na zaidi ya 2,000 kati yao walikufa. Watu hawakujua wajikinge na nini. Wahamiaji maskini kutoka Italia walinyooshewa vidole, paka wa mitaani wakauawa kwa makundi, na familia zenye watoto zilizojaribu kuukimbia mji zilirudishwa njiani na polisi wa miji jirani. Miaka mitano baadaye ugonjwa ukamshika Franklin Roosevelt akiwa na miaka 39. Alipokuwa rais, mwaka 1938, aliasisi mfuko wa taifa wa kupambana na polio, ambao ulikusanya senti za wananchi wa kawaida na kulipia sehemu kubwa ya utafiti wa polio uliofuata Marekani.

Imani ya pua iliendelea. Mwaka 1936 Albert Sabin, akiwa bado kijana, na Peter Olitsky walijaribu kuvikuza virusi vya polio katika tishu mbalimbali za vijusi vya binadamu. Vilikua katika tishu za ubongo na uti wa mgongo peke yake. Virusi walivyotumia vilikuwa vile vya Rockefeller, vilivyozoezwa neva. Jibu likaonekana kuithibitisha nadharia ya zamani, na milango ya kutengeneza chanjo ikazidi kufungwa, maana hakuna daktari mwenye busara ambaye angemdunga mtoto kitu kilichokuzwa kwenye ubongo.

Matokeo yake yaliwafikia watoto. Kama polio inapita puani, basi pua izibwe. Mwaka 1937 huko Toronto, Kanada, maelfu ya watoto walipuliziwa dawa ya zinki ndani kabisa ya pua. Haikuwakinga. Baadhi yao walipoteza uwezo wa kunusa.

Majitaka na inzi, 1931–1944

Wakati New York ikiangalia ubongo wa tumbili, mjini New Haven kikundi kidogo kilikuwa kikienda majumbani mwa wagonjwa. John Rodman Paul na James Trask walianzisha kitengo cha utafiti wa polio cha Yale mwaka 1931, na mtindo wao ulikuwa wa kufunga safari: palipotokea mlipuko, walikwenda na vyombo vyao. Hawakumpima mgonjwa aliyepooza peke yake. Walimpima na ndugu yake aliyekuwa na mafua kidogo, na mtoto wa jirani aliyekuwa akicheza nje bila dalili yoyote. Wakaanza kuvipata virusi kwenye kinyesi cha watu waliokuwa wazima. Mwaka 1939, wakati wa mlipuko wa Charleston, South Carolina, walivipata hata kwenye majitaka ya mji.

Virusi kwenye majitaka haviwezi kuelezwa na pua. Mwaka 1941 Sabin mwenyewe, akishirikiana na Robert Ward, alichunguza maiti za waliokufa kwa polio, kiungo baada ya kiungo. Virusi vilikuwepo kwenye utumbo na kwenye mfumo wa neva. Kwenye njia ya kunusia hakukuwa na kitu. Ni heshima kubwa kwa Sabin kwamba miaka mitano baada ya kuiimarisha nadharia ile, ndiye aliyeibomoa.

Kuna jaribio moja la miaka hiyo ambalo linaonyesha jinsi watu hawa walivyofikiri. Mwaka 1944, kwenye mlipuko wa North Carolina, Ward, Joseph Melnick na Dorothy Horstmann waliacha chakula wazi kwenye nyumba zenye wagonjwa wa polio ili inzi watue. Kisha wakakikusanya na kuwalisha sokwe. Sokwe hawakupooza, lakini vinyesi vyao vilionyesha kwamba wameambukizwa. Mdomo ulikuwa umethibitishwa kuwa mlango.

Likabaki swali gumu zaidi. Kutoka utumboni hadi uti wa mgongo kuna safari. Virusi husafiri na nini?

Kipimo kimoja kati ya 111

Dorothy Millicent Horstmann alizaliwa mwaka 1911 huko Spokane, jimbo la Washington, akasomea udaktari San Francisco na kuhitimu mwaka 1940. Inasimuliwa kwamba alipoomba mafunzo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Baadaye mkuu wa idara, akiwa amesahau ni nani aliyeomba, alimwandikia Dakta Horstmann barua ya kumkubali akidhani ni mwanamume. Alipotokea mlangoni, mkuu huyo alishtuka, lakini hakuweza kuirudisha barua yake. Mwaka 1942 Horstmann akajiunga na kitengo cha Paul huko Yale.

Mwaka uliofuata polio iliupiga mji wa New Haven wenyewe. Horstmann alichukua damu ya wagonjwa 111 na kutafuta virusi ndani yake. Watu wengi wangeona ni kazi ya bure. Wataalamu walishatafuta kwenye damu tangu enzi za Flexner wakakuta patupu, na vitabu vilisema polio haipiti kwenye damu. Majibu ya Horstmann yalikaribia kuwaunga mkono: sampuli 110 hazikuwa na kitu. Moja ilikuwa nacho. Ilikuwa ya msichana wa miaka 9 ambaye ugonjwa wake ulikuwa mwepesi, na ambaye hakupooza.

Ni rahisi kuitupa sampuli moja kati ya 111. Mtafiti anaweza kusema chombo kilichafuka, au kwamba mtoto yule ni wa pekee. Horstmann aliiweka akilini. Alijiuliza kama tatizo lilikuwa saa ya kupima. Mgonjwa huletwa hospitali misuli ikiwa imeshalegea, na kuchukua damu wakati huo ni sawa na kufika mnadani watu wameshatawanyika. Pengine virusi vilikuwa vimepita kwenye damu siku kadhaa kabla, na kingamwili, yaani walinzi wa mwili dhidi ya maradhi, zilikuwa zimeshavisafisha.

Swali hilo lilikaa naye karibu miaka tisa.

Boston na Baltimore, 1948–1951

Katika kipindi hicho mambo mawili yalitokea kwingine. La kwanza lilikuwa Boston, katika hospitali ya watoto. John Enders, Thomas Weller na Frederick Robbins walikuwa wakikuza virusi vya tetekuwanga, na mwaka 1948 wakabakiwa na chupa kadhaa za tishu. Kwenye jokofu kulikuwa na virusi vya polio vya aina iliyoitwa Lansing. Wakavitia kwenye chupa zile za tishu za ngozi na misuli ya vijusi, ambazo hazikuwa na neva hata kidogo. Virusi vikakua. Taarifa yao fupi ilitoka Januari 1949, na mwaka 1954 ikawapatia Tuzo ya Nobel. Sasa polio iliweza kuzalishwa kwa wingi bila kugusa ubongo.

La pili lilikuwa Baltimore, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. David Bodian, Isabel Morgan na Howard Howe walionyesha kwamba virusi vya polio viko katika makundi matatu, na kwamba kinga ya kundi moja haimkingi mtu dhidi ya mengine. Morgan, akitumia virusi vilivyouawa kwa kemikali ya formalini, aliwakinga tumbili hata walipodungwa virusi hai kichwani. Aliiacha kazi hiyo mwishoni mwa muongo, kabla ya kuipeleka kwa binadamu, na wengi wanaamini angeweza kumtangulia Salk.

Hata hivyo, chanjo ya kuchoma inaweka kingamwili kwenye damu. Kama virusi havipiti kwenye damu, kingamwili hizo zitavikuta wapi?

1952: Siku chache kabla ya kupooza

Mwaka 1952 Marekani ilirekodi zaidi ya wagonjwa 57,000 wa polio, mwaka mbaya kuliko wote katika historia yake. Wodi zilijaa mapafu ya chuma, yale matangi marefu ambayo mtoto alilazwa ndani, kichwa kikiwa nje, na mashine ikavuta na kusukuma hewa kwa niaba ya kifua chake kilichopooza.

Mwaka huohuo Horstmann alirudi kwenye sampuli yake moja. Aliwalisha virusi kwa mdomo tumbili wa aina ya cynomolgus, ambao tofauti na rhesus huambukizwa kwa njia hiyo, pamoja na sokwe. Kisha hakusubiri waugue. Alianza kuwatoa damu mapema, wakiwa bado wanarukaruka na kula vizuri. Virusi vilikuwemo. Vilionekana kwenye damu siku chache baada ya mnyama kulishwa, vikakaa kwa muda mfupi, kisha vikatoweka kadiri kingamwili zilivyopanda. Kupooza, pale kulipotokea, kulikuja baada ya hapo, damu ikiwa imeshakuwa safi. Kila aliyepima baada ya kupooza alikuwa amechelewa.

Bodian, huko Baltimore, alikuwa amefikia jambo hilohilo kwa majaribio yake, na matokeo ya wawili hao yalitoka karibu wakati mmoja. Horstmann hakuishia kwa wanyama. Yeye na Robert McCollum waliwageukia ndugu na jamaa wa wagonjwa, watu ambao walikuwa bado hawajaugua au walikuwa na homa ndogo tu, na mwaka 1953 wakaonyesha kwamba hata damu ya binadamu huwa na virusi katika siku hizo za mwanzo.

Sasa njia yote ilionekana. Mtu humeza virusi kwa chakula, maji au mikono michafu. Vinazaliana kooni na kwenye utumbo. Vinamwagika kwenye damu. Kwa walio wengi mno safari huishia hapo, na mtu hajui hata kama aliwahi kuambukizwa. Ni chini ya mmoja kati ya mia ambaye virusi vyake hufika uti wa mgongo na kumpooza. Ugonjwa ulioogopwa kama ugonjwa wa neva ulikuwa, kwa siku zake nyingi, ugonjwa wa tumbo. Na katikati ya tumbo na neva palikuwa na kivuko ambapo kingamwili chache zinatosha kuuzuia. William Hammon alilithibitisha hilo kwa njia nyingine alipowapa maelfu ya watoto wa Marekani, mwaka 1951 na 1952, kingamwili zilizotokana na damu ya watu wengine. Ziliwakinga kwa wiki kadhaa tu, lakini ziliwakinga.

Sindano na matone, 1954–1961

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Salk, wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliua makundi yote matatu kwa formalini na kuyatia kwenye sindano. Mwaka 1954 watoto milioni 1.8 waliingia katika majaribio yake, na tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa huko Ann Arbor kwamba chanjo inakinga. Kengele za makanisa zililia. Wiki chache baadaye furaha ikaingia doa: baadhi ya shehena kutoka kiwanda cha Cutter, California, zilikuwa na virusi ambavyo havikufa. Takriban watu 200 walipooza na 10 wakafa. Utengenezaji ulikazwa, chanjo ikaendelea, na wagonjwa wakapungua kwa kasi.

Sabin aliona sindano inalinda damu na neva lakini inauacha utumbo wazi, kwa hiyo aliyechanjwa aweza bado kuwaambukiza wenzake. Alitaka virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyomezwa, vizibe mlango wenyewe. Marekani ilikuwa tayari na chanjo na haikuwa na haraka ya kujaribu nyingine, basi akashirikiana na Mikhail Chumakov wa Moscow. Mwaka 1959 zaidi ya watu milioni 15 wa Umoja wa Kisovieti walimeza chanjo hiyo. Wamarekani wengi hawakuziamini takwimu za Warusi. Shirika la Afya Duniani likamtuma Horstmann akaangalie. Alitembelea maabara na vituo vya chanjo, akachambua kumbukumbu, na kurudi na taarifa kwamba kazi ilifanywa kwa umakini na chanjo ni salama. Kwa kuwa ni yeye aliyesema, watu walisikiliza. Mwaka 1961 Marekani ilianza kuidhinisha chanjo ya Sabin, na mwaka huo huo Horstmann akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili katika shule ya tiba ya Yale.

Kutoka bonde la Ruzizi hadi Eastleigh

Afrika yetu iliingia katika habari hii mapema kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1958 Hilary Koprowski, mpinzani wa Sabin, pamoja na Ghislain Courtois, mkuu wa maabara ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, walitoa chanjo ya majaribio kwa zaidi ya watu 200,000 katika bonde la mto Ruzizi, kati ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Watu wale walipuliziwa mdomoni dawa ambayo Marekani ilikuwa bado haijaipa idhini, chini ya serikali ya kikoloni ambayo hawakuwa na namna ya kuikatalia. Hilo lazima lisemwe. Lisemwe pia kwamba uvumi uliozuka baadaye, kuwa chanjo hiyo ndiyo iliyoleta UKIMWI, ulichunguzwa: sampuli zilizohifadhiwa zilipopimwa, matokeo yake kuchapishwa mwaka 2001, hazikukutwa na HIV wala masalia ya sokwe.

Matone ya Sabin ndiyo yaliyowafikia watoto wa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo katika kampeni za nyumba kwa nyumba, kidole cha mtoto kikitiwa wino ili asirudiwe. Tarehe 25 Agosti 2020 Kanda ya Afrika ilitangazwa kuwa haina tena polio ya asili.

Lakini virusi vya matone ni hai. Pale watoto wengi wanapokosa chanjo, virusi hivyo huzunguka kwa muda mrefu kutoka utumbo hadi utumbo na vinaweza kurudiwa na ukali wake. Machi 2018 vya namna hiyo, vya kundi la pili, vilipatikana Eastleigh, katika eneo la Kamukunji, Nairobi. Hakukuwa na mtoto aliyepooza. Vilipatikana kwenye majitaka, kwa uchunguzi wa aina ileile ambayo Paul na Trask waliifanya Charleston mwaka 1939, na kampeni ya chanjo ikaanza kabla mgonjwa hajaonekana. Mtoto wa Kenya au Tanzania anayepelekwa kliniki leo hupewa vyote viwili: matone ya kuufunga utumbo, na sindano ya kuilinda damu, ili virusi visifike kwenye neva.